Neno hili linasimama badala ya nini?

Zitazame sentensi tatu. Mtu anakimbia. Mtu ni spishi. Mtu lina silabi mbili.

Zote zinaanza na neno lilelile. Lakini anayekimbia ana miguu na huchoka. Spishi, yaani aina nzima ya viumbe, haikimbii popote. Na kilichohesabiwa silabi ni sauti tu, haina damu wala mifupa. Msemaji wa Kiswahili hung'amua haraka kwamba katika sentensi ya tatu pana jambo, maana kiambishi li- kinamnong'oneza kuwa hapa linazungumziwa neno lenyewe. Walimu wa mantiki wa Ulaya katika karne ya 13 hawakuwa na msaada huo. Kwa Kilatini waliandika homo currit, homo est species, homo est disyllabum, na alama za kunukuu zilikuwa hazijaanza kutumika. Homo ikabaki homo. Wakalazimika kuuliza waziwazi kitu ambacho sisi hukipita bila kukitazama: neno hili, ndani ya sentensi hii, linasimama badala ya nini?

Swali hilo lina uzito. Sokrates ni mtu. Mtu ni spishi. Basi Sokrates ni spishi. Kauli mbili za kwanza ni kweli, umbo la hoja ni lile tulilofundishwa kuliamini, na hitimisho ni upuuzi. Kuna kitu kimeteleza njiani, na asiyeweza kukionyesha kilipoteleza hana haki ya kumkosoa mwingine anayetumia hila hiyohiyo katika jambo kubwa zaidi.

Ninalitanguliza swali hili kwa sababu falsafa ya lugha husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilizaliwa Ujerumani mwaka 1879 kwa kazi ya mwanamantiki Gottlob Frege, na kwamba yote ya kabla yake yalikuwa ni kumkariri Aristotle. Inaniuma kuona kazi ya karne kadhaa ikifutwa kirahisi hivyo. Mengi tunayowasifia watu wa karne ya 20 kwa kuyagundua, walikuwa wakiyatafuta upya.

Mizani na dhahabu

Tuanze na neno lenyewe. Mantiki limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni wa kutamka, kusema. Logos ya Kigiriki nayo ilibeba mambo mawili kwa pamoja: maneno na akili. Kwa hiyo tangu mwanzo ugomvi ulikuwa umelala ndani ya jina. Mantiki ni elimu ya kusema au elimu ya kufikiri?

Mwaka 932, mjini Baghdad, ugomvi huo uliamshwa mbele ya waziri Ibn al-Furat. Upande mmoja alisimama Abu Bishr Matta, Mkristo na mfasiri wa Aristotle. Alishikilia kwamba mantiki ni chombo cha kupambanua kauli nzima na kauli mbovu, mfano wa mizani, na kwamba maana zilizomo akilini ni za mataifa yote, kama nne na nne zilivyo nane kwa kila mtu. Upande wa pili alikuwa Abu Said al-Sirafi, bingwa wa sarufi ya Kiarabu. Sirafi akamjibu kwamba mizani hukuambia uzito tu. Haikuambii ulichokipima ni dhahabu au shaba. Na hizo maana za akilini, zinafikiwaje bila kupitia lugha? Lugha gani? Matta hakujua hata Kigiriki, alifasiri kutoka Kisiria, na Sirafi hakuliacha lipite.

Kisha akamtega kwa sentensi mbili. Zayd ndiye mbora wa ndugu. Zayd ndiye mbora wa ndugu zake. Matta akasema zote ni sahihi. Sirafi akamwonyesha kosa: ukiulizwa ndugu zake Zayd ni nani, utawataja wengine wote na utamwacha Zayd, kwa maana mtu hahesabiwi miongoni mwa ndugu zake mwenyewe. Anakuwaje basi mbora wa kundi asilomo?

Masimulizi tuliyo nayo yaliandikwa na al-Tawhidi, ambaye Sirafi alikuwa mwalimu wake, kwa hiyo tusishangae kuona mwanasarufi ameshinda kwa kishindo. Lakini uutazame mfano wa Zayd kwa utulivu. Kosa lililomo si la sarufi hata kidogo: viambishi vyote viko mahali pake. Ni kosa la nani yumo kundini na nani hayumo, na hiyo ni mantiki tupu. Kwa maoni yangu Sirafi alimshinda Matta kwa silaha iliyokuwa ya Matta, na hakuna kati yao aliyeiona.

Aliyeuona mpaka vizuri zaidi alikuwa al-Farabi, aliyefariki mwaka 950. Kwake mantiki na sarufi ni ndugu wenye nyumba mbili. Sarufi hutoa kanuni za maneno ya taifa moja; mantiki hutoa kanuni za maneno zinazoshirikiwa na mataifa yote, kwa kuwa inayatazama maneno kadiri yanavyobeba maana akilini. Hakuishia hapo. Aliona kwamba Aristotle aliandika kwa lugha yenye kitenzi cha kuunganisha kiima na kiarifu, na kwamba Kiajemi nacho kinacho, ilhali Kiarabu husema “Zayd mwandishi” na kunyamaza. Wafasiri wakahangaika: wengine wakaazima kiwakilishi chenye maana ya “yeye”, wengine wakaazima neno lenye maana ya “kilichopo”. Farabi akayachambua mahangaiko hayo kwa makini, akijua kwamba uchaguzi wa mfasiri unaweza kuzaa fundisho la falsafa ambalo mwandishi wa kwanza hakulikusudia.

Hapa Kiswahili kinastahili kusikilizwa. Sokrates ni mwanafalsafa. Sokrates ndiye mume wa Xanthippe. Sokrates yupo. Ya kwanza inampa sifa, ya pili inamtambulisha kuwa ni mtu yuleyule, ya tatu inasema juu ya kuwako kwake. Sisi tuna ni, tuna ndiye, tuna yupo. Kigiriki, Kilatini na Kiingereza huweza kuyafunika yote matatu kwa kitenzi kimoja, na fungu zima la mijadala juu ya “kuwa” limeota katika kivuli cha kitenzi hicho. Mwaka 1919 mwanafalsafa wa Uingereza Bertrand Russell aliandika kwamba ni aibu kwa wanadamu kuchagua neno moja kwa sifa na kwa utambulisho. Alisema wanadamu, alikuwa akizifikiria lugha chache.

Karne ya kushuka

Ulaya ya Kilatini ilipokea mantiki ya kale kupitia Boethius, aliyeuawa karibu mwaka 524 kabla hajamaliza mpango wake wa kumfasiri Aristotle wote. Pamoja na tafsiri hizo aliwaachia maswali ya Porphyry, mfafanuzi wa Aristotle: aina na jamii, kama vile “mtu” na “mnyama”, ni vitu vilivyopo nje au ni vya akilini tu? Karne ya 12, Paris, Peter Abelard alijibu kwamba hakuna kitu chochote kilicho cha jumla. Kila kilichopo ni kimoja kimoja. Ujumla ni kazi ya maneno: neno moja laweza kusemwa juu ya wengi. Jibu hilo liliigeuza hoja. Kama ujumla uko katika maneno, basi ayatakaye maelezo ya ujumla na aende akayachunguze maneno yanavyofanya kazi.

Ndivyo walivyofanya. William wa Sherwood na Peter wa Hispania, katika karne ya 13, walitenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Neno lina maana yake hata likiwa peke yake. Likiingia ndani ya sentensi hupata jambo la pili, yaani kusimama badala ya vitu fulani. Wao waliliita suppositio, nami nitaliita uwakilishi. Maana ya mtu haibadiliki katika sentensi zetu tatu. Uwakilishi wake ndio unaobadilika. Katika “mtu anakimbia” linawakilisha binadamu mmoja mmoja. Katika “mtu ni spishi” linawakilisha ile hali ya jumla, au, kama William wa Ockham alivyosisitiza baadaye, dhana iliyo akilini. Katika “mtu lina silabi mbili” linajiwakilisha lenyewe. Ile hoja ya Sokrates ilivunjika hapo: mtu wa kauli ya kwanza na mtu wa kauli ya pili hawawakilishi kitu kimoja, kwa hiyo hakuna kiungo cha katikati.

Wangeishia hapo wangekuwa wamefanya kazi nzuri. Lakini sehemu inayonifanya niwaheshimu ni ile waliyoiita kushuka. Ukitaka kujua neno linavyowakilisha vitu vyake, jaribu kushuka kutoka kwenye neno la jumla hadi kwa mmoja mmoja, uone unaruhusiwa kutumia “na” au “au”.

“Mtu anakimbia.” Shuka: huyu anakimbia, au yule anakimbia, au yule mwingine. Sawa.

“Kila mtu anakimbia.” Shuka: huyu anakimbia, na yule anakimbia, na yule mwingine. Sawa.

“Kila mtoto ana mama.” Sasa ujaribu kushuka kwenye neno mama. Huwezi kusema kila mtoto ana mama huyu na kila mtoto ana mama yule. Wala huwezi kusema kila mtoto ana mama huyu, au kila mtoto ana mama yule, kwa sababu hapo utakuwa umewapa watoto wote wa dunia mzazi mmoja. Unachoruhusiwa ni kushuka ndani ya kiarifu tu: kila mtoto ana mama huyu-au-yule-au-yule. Uwakilishi huu waliuita wa kuchanganyika. Na waligundua kwamba ukiugeuza mpangilio, “kuna mama ambaye kila mtoto anaye”, uwakilishi hubadilika na kauli ya kweli hugeuka ya uongo, ingawa hakuna neno lililobadilishwa maana yake.

Hiki ndicho kiini cha mantiki ya kisasa, na waliokishika waliandika kwa mkono kwenye ngozi, bila hata alama moja ya hesabu.

Ockham, Mfransisko aliyemaliza kitabu chake kikuu cha mantiki karibu mwaka 1323, alikwenda chini zaidi ya maneno. Maandishi, alisema, yako chini ya matamshi, na matamshi yako chini ya dhana. Dhana zenyewe zina sarufi yake: zina kiima na kiarifu, zina umoja na wingi, zinawakilisha. Hiyo ni lugha ya akilini, isiyo ya taifa lolote, ambayo Mgiriki na Mlatini wanaishiriki kabla hawajafungua midomo. Mwaka 1975 mwanafalsafa Jerry Fodor alitetea lugha ya fikra kwa sababu zake mwenyewe, na kufanana kwa mawazo hayo mawili kumevuta macho ya wengi. Kuna jambo moja la Ockham linalopotoshwa mara nyingi, nami nalisisitiza. Hakusema kwamba neno moto lina maana ya wazo langu la moto. Neno liko chini ya dhana, lakini linachomaanisha ni moto wenyewe, ule unaounguza. Miaka zaidi ya mia tatu baadaye John Locke alisema kinyume: maneno ya mtu ni ishara za mawazo yaliyo akilini mwake mwenyewe. Tangu hapo swali lililowasumbua waliomfuata likawa namna ya kujua kama mawazo yako na yangu yanafanana. Ockham hakuwa na mzigo huo, na sioni kwa nini tuliona kuubeba ni maendeleo.

Farasi niliyekuahidi

John Buridan alifundisha Paris hadi karibu mwaka 1360, na hakuna mwanamantiki wa zama za kati aliyependa mifano ya kuumiza kichwa kuliko yeye. Mmoja wao ni huu. Nimekuahidi farasi. Ahadi ni ya kweli, nina deni kwako. Sasa nionyeshe farasi ninayedaiwa. Huyu mweupe? Sikukuahidi huyo. Yule mweusi? Wala yule. Ukinipitisha mbele ya farasi wote waliopo, kwa kila mmoja nitasema kwa haki: huyu sikukuahidi. Basi ninadaiwa farasi na hakuna farasi ninayedaiwa.

Kanuni ya kushuka imegoma. Ockham alijaribu kuifumua sentensi: maana yake ni kwamba utapata farasi mmoja kwa zawadi yangu, na hapo neno liko chini ya kitenzi cha wakati ujao. Buridan alichagua njia nyingine. Vitenzi kama kuahidi, kudaiwa, kujua, kuamini na kutaka vina nguvu ya pekee, alisema: hulifanya neno linalofuata liite ile dhana ambayo kwayo vitu vinafikiriwa, pamoja na vitu vyenyewe.

Dawa hiyohiyo aliitumia kwa fumbo la zamani zaidi. Baba yako anakuja kwa mbali na humtambui. Unamjua baba yako. Anayekuja ni baba yako. Je, unamjua anayekuja? Buridan akajibu kwa kutazama mpangilio wa maneno. Nikisema “namjua anayekuja”, kitenzi kimetangulia, na dhana ya anayekuja imeitwa. Kauli ni ya uongo, kwa sababu kwa dhana hiyo simjui. Nikisema “anayekuja, namjua”, jina limesimama nje ya nguvu ya kitenzi; kauli ni ya kweli, kwa kuwa yule mtu, vyovyote utakavyomwita, namjua tangu utotoni. Katika Kilatini tofauti hiyo ilikuwa kanuni ya wanamantiki. Kwa Kiswahili waweza karibu kuisikia: jina likisogezwa mbele, kiambishi -m- ndicho kinachobaki ndani ya kitenzi kumshika yule mtu, na sifa ya “kuja” imeachwa mlangoni.

Mwaka 1892 Gottlob Frege alichapisha makala juu ya nyota ya asubuhi na nyota ya jioni. Zote ni Zuhura. Lakini kusema nyota ya asubuhi ndiyo nyota ya asubuhi ni kusema lisilohitaji ushahidi. Kusema nyota ya asubuhi ndiyo nyota ya jioni ni kutangaza ugunduzi wa wanajimu. Kwa hiyo kila jina lina mambo mawili: kile linachokitaja, na namna kile kitu kinavyoletwa mbele yetu. Na ndani ya sentensi za “anaamini kwamba”, Frege alisema, maneno huacha kutaja vitu vyake vya kawaida na kutaja hizo namna zenyewe. Ukilinganisha na Buridan utaona tofauti kubwa: dhana za Buridan ni za akili ya huyu au yule, ilhali namna za Frege hazimo kichwani mwa mtu yeyote, ni za wote kama ukweli wa hesabu. Lakini jeraha walilolitibu ni moja. Mwaka 1956 W. V. Quine alilikuta tena, safari hii kwa mtu anayetaka mashua bila kuwa na mashua fulani akilini.

Kilichozikwa na kilichofukuliwa

Kati ya Buridan na Frege kuna pengo, na lina sababu. Wasomi wa karne ya 15 na 16 walioipenda fasaha ya Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma ya kale, waliiona Kilatini ya wanamantiki kuwa ya kishenzi, imekakamaa, haifai kuhutubia wala kuandikia barua. Walichoka na mifano ya farasi na punda. Mwaka 1662 watu wa Port-Royal, nyumba ya watawa karibu na Paris, yaani Antoine Arnauld na Pierre Nicole, walitoa kitabu cha mantiki kilichosomwa sana kilichoanza na mawazo akilini, na nadharia ya uwakilishi ikafifia. Leibniz aliota lugha ya alama ambayo wabishani wangeketi na kupiga hesabu badala ya kugombana, lakini sehemu kubwa ya karatasi zake haikuchapishwa enzi zake. Mwaka 1787 Immanuel Kant aliandika kwamba tangu Aristotle mantiki haijaweza kupiga hatua mbele na kwa kila dalili imekamilika. Mtu wa kina kama yule hakuandika hivyo kwa uvivu. Vitabu vya karne ya 14 vilikuwa vimetoka mezani kwa watu wa zama zake.

Frege, akiwa Jena, mwaka 1879 aliacha kabisa kuigawa sentensi katika kiima na kiarifu. Aliichukulia kama hesabu yenye nafasi tupu. “Kila mtoto ana mama” ikawa: kwa kila x, kama x ni mtoto, yuko y ambaye ni mama wa x. Ile ya uongo ikawa: yuko y, ambaye kwa kila x, kama x ni mtoto, y ni mama wake. Tofauti ambayo watu wa kushuka waliieleza kwa kanuni nyingi za mpangilio wa maneno, yeye aliionyesha kwa kipi kimetangulia kipi. Faida ni kubwa mno na sitaki kuipunguza: unaweza kupanga “kila” na “yuko” tabaka kwa tabaka bila kikomo, jambo ambalo kanuni za zama za kati zilielemewa nalo.

Russell, mwaka 1905, alikigeuza chombo hicho kuelekea kwenye majina yasiyo na mwenyewe. Mfalme wa sasa wa Ufaransa ana upara. Ufaransa haina mfalme. Sentensi ni kweli au uongo? Russell alijibu kwamba inaficha madai matatu: yuko mfalme wa Ufaransa, hayuko zaidi ya mmoja, naye ana upara. Dai la kwanza ni la uongo, basi yote ni ya uongo. Uchambuzi wake uliegemea “the”, kijineno cha Kiingereza kinachotangulia jina kuonyesha kuwa ni yule mmoja maalumu. Kilatini hakina kijineno hicho. Kiswahili hakina. Ockham na Buridan walifika kwenye hukumu hiyohiyo bila kijineno chochote: kauli ya kukubali ambayo kiima chake hakiwakilishi kitu ni ya uongo, na kanusho lake ni kweli. Wala hawakuibagua “kila”. Kwao “kila joka linatema moto” ni uongo kwa kuwa hakuna joka. Kwa mantiki ya Frege ni kweli, kwa kuwa hakuna joka la kuipinga. Wanafunzi wengi wakikutana na jibu la pili huhisi wamedhulumiwa, na hisia zao zina ukoo mrefu na wenye heshima.

Kuna fumbo moja lililowatesa wote sawasawa. Kauli hii ni ya uongo. Ikiwa ni kweli, ni uongo. Ikiwa ni uongo, ni kweli. Oxford, mwanzoni mwa miaka ya 1320, Thomas Bradwardine alikuja na jibu ninaloliona kuwa zuri kuliko yote ya zama zake. Kauli, alisema, humaanisha pia kila kinachofuata kutokana na kile inachokimaanisha. Akathibitisha kwamba kauli inayojiita ya uongo inajiita pia ya kweli. Inadai mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja. Na kwa kuwa kauli ni ya kweli pale tu kila inachokidai kiko hivyo, hii ni ya uongo, basi. Huwezi kurudi ukasema “kumbe ni kweli”, kwa sababu nusu tu ya madai yake imetimia. Bradwardine alikufa kwa tauni mwaka 1349, mwaka uleule aliofanywa Askofu Mkuu wa Canterbury.

Mdudu wa aina hiyo ndiye aliyeiangusha nyumba ya Frege. Tarehe 16 Juni 1902 Russell alimwandikia barua akimwuliza juu ya seti ya seti zote zisizojijumuisha zenyewe: je, inajijumuisha? Juzuu ya pili ya kazi kuu ya Frege ilikuwa tayari kwa mchapaji. Alikiri pigo hilo katika nyongeza mwishoni mwa kitabu, na uungwana wa kukiri vile unanigusa kila ninapoukumbuka. Mwaka 1933 Alfred Tarski alitoa jibu la karne ya 20 kwa fumbo la kauli: lugha isiruhusiwe kuzungumza juu ya ukweli wa kauli zake yenyewe. Ukweli wa lugha ya chini husemwa kwa lugha ya juu yake. Ni dawa kali inayofanya kazi katika lugha za alama. Lakini lugha za watu hazina ghorofa. Ndiyo maana wanamantiki wa siku hizi wamemrudia Bradwardine, ambaye hakumkataza mtu kusema lolote.

Ludwig Wittgenstein alizipita njia zote mbili. Katika kitabu chake cha 1921 sentensi ni picha ya jambo, na mpangilio wa maneno unaakisi mpangilio wa vitu. Katika kile kilichotoka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake, anaanza kwa kumnukuu Augustino akikumbuka alivyojifunza kusema kwa kuonyeshwa vitu na kutajiwa majina, halafu anauliza kama hiyo ndiyo lugha yote. Kuamuru, kushukuru, kuapa, kusalimu: hapo ni kitu gani kinachotajwa? Kwa maneno mengi, anasema, maana ni matumizi yake katika lugha. J. L. Austin, katika mihadhara ya 1955, alionyesha kwamba anayesema “nakuahidi” haelezi ahadi iliyoko mahali fulani, anaifanya. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka yule farasi. Buridan alimtafuta farasi wa ahadi katika zizi la vitu vinavyowakilishwa, Frege angemtafuta katika namna za kuletwa mbele yetu, na Austin angetuuliza kwanza ahadi ni tendo gani na linamfunga nani kwa nini. Sidhani kama la Austin linayafuta mawili ya kwanza. Nikishajifunga, bado utataka kujua nimejifunga kwa kitu gani.

Na sasa punda. Katika miaka ya 1320 Walter Burley, akieleza viwakilishi, alitumia mfano huu: kila mtu aliye na punda humwona. Mwaka 1962 Peter Geach, msomaji makini wa vitabu vile vya kale, alimrudisha punda huyo darasani kwa sura ya ukatili kidogo: kila mtu aliye na punda humpiga. Jaribu kuiandika kwa alama za Frege. “Punda” anaingia kama “yuko punda”, lakini yumo ndani ya maelezo ya “aliye na”, na nguvu yake inaishia hapo. Ile -m- ya humpiga iko nje na haimfikii. Ukimtoa punda nje mwanzoni, unapata punda mmoja anayemilikiwa na kupigwa na wote. Njia inayobaki ni kuandika: kwa kila mtu na kwa kila punda, mtu akiwa naye, humpiga. Lakini hakuna aliyesema kila punda. Hans Kamp mwaka 1981 na Irene Heim mwaka 1982 walijenga, kila mmoja kivyake, nadharia mpya za maana kwa ajili ya sentensi za namna hii, ambamo kusikia “punda” ni kufungua faili jipya ambalo -m- inayofuata italirejelea.

Chukua basi mtu mwenye punda wawili. Mmoja humpiga, wa pili hamgusi. Je, sentensi ni kweli juu yake? Wasemaji hawakubaliani, na nadharia zinagawanyika palepale wanapogawanyika wao. Kiambishi -m- ni cha mmoja, na hakisemi ni yupi.